Mchi wa Nyanya Ndani ya Albamu ya Mjomba

Jumamosi moja ya muhula uliopita, hapa shuleni kwetu Busia upande wa Kenya, tulipewa mchana wa burudani. Meza za bwalo zikasukumwa ukutani, spika zikaletwa, na kijana wa kidato cha nne anayejiita dijei akaanza kutuwekea nyimbo kutoka kwenye simu ya mwalimu wa michezo. Mimi nilikuwa nimesimama pale ninaposimama siku zote, karibu na mlango, mgongo ukutani, ili nikichoka kuonekana niteleze nje. Mara jogoo akawika ndani ya spika. Sauti ya mtoto mdogo, kali kama pilipili, ikamfuata: "Nyamaza, we! Mjomba anarekodi!"

Bwalo zima likaitikia maneno hayo hayo kwa mpigo mmoja, hata kabla ngoma haijaingia. Wewe pia lazima umeyasikia. Siku hizi karibu kila kijana anayetengeneza muziki kwa kompyuta huku kwetu, kuanzia Tororo mpaka Busia zote mbili, anafungua wimbo wake na jogoo yule na mtoto yule, hata kama wimbo wenyewe ni wa mapenzi na hauna kuku popote.

"Huyo mtoto alikuwa na mdomo, haki," jirani yangu wa darasani akaniambia sikioni. "Saa hii lazima ni wakili."

"Wakili gani? Huyo anauza samaki sokoni," mwingine akasema. "Sauti kama hiyo haiendi bure."

Nikacheka nao.  Lakini wewe nakuambia, kwa sababu wewe huwezi kugeuka na kunikodolea macho: mtoto yule ni mimi.

Ilikuwa Nagongera, upande wa Uganda, mwisho wa senta, pale barabara ya kwenda Sop Sop inapoanza kuwa ya vumbi kweli kweli. Mama alikuwa akiuza mitumba mpakani, na mpakani hapataki mtoto mgongoni, kwa hiyo nilikaa kwa nyanya, mama yake mama. Nyanya alikuwa Msamia aliyeolewa kwa Wapadhola. Yeye na babu walikutana sokoni Busia, hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, wakapendana kwa Kiswahili. Babu alifariki kabla sijazaliwa lakini Kiswahili chao kikabaki nyumbani, Kiswahili cha sokoni, kifupi, chenye haraka, kama mtu anayeongea huku anafunga mzigo.

Siku ya pale ilianza na mchi. Nyanya alianika muhogo uani juu ya turubai, na muhogo ukikauka unatoa uchachu fulani ambao mpaka leo nikiupata, hata kwenye gunia lililofungwa kwenye boda boda ya mtu, nageuza shingo. Vile vipande vikavu alivitia kwenye kinu kikubwa cha mti, kinu alichopewa na mama yake siku aliyoolewa, halafu akatwanga. Du, du, du, du. Ukitwanga muhogo, vipande vinapanda kando ya kinu kama vinataka kutoroka. Ndipo nyanya aliubakiza mchi juu kwa mkono mmoja, akatia mkono wa pili haraka, akavirudisha katikati, na mchi ukashuka tena. Du, du, du, kimya kidogo, du. Wanawake wote wa kule walitwanga hivyo, na kila mmoja alikuwa na kimya chake. Ukiwa bado kitandani ungeweza kujua leo ni nyanya anatwanga au ni mama mdogo. Cha mama mdogo kilikuwa kirefu, kwa sababu aliogopa vidole vyake.

"Mchi iko na njia yake," nyanya alikuwa akisema, "na mkono iko na njia yake. Zikigongana, ni wewe ulilala."

Wimbi, ule ulezi, ulisagwa, ukachanganywa na huo muhogo, tukapata ugali wa kahawia unaovutika kidogo, na mboga za majani zilizopikwa na ufuta. Sijala ugali wa namna hiyo tangu nije hapa shuleni. Hapa tunakula mweupe, mgumu, unaweza kuusimamishia mlingoti.

Sasa mjomba. Mjomba alikuwa kitinda mimba wa nyanya, mrefu, shingo mbele kama mtu anayesikiliza mlango. Alikuwa amemaliza shule na amerudi nyumbani na kaseti moja. Aliachiwa na mwalimu wake wa muziki alipostaafu, maandishi yamefutika kabisa, kwa hiyo hatukujua ni ya nani. Ilikuwa albamu ya zamani kutoka ng'ambo, ya zamani kuliko mjomba mwenyewe. Haikuwa na gitaa, haikuwa na ngoma, wala mtu hakuimba. Mashine tupu. Sauti kama maji yanayodondoka ndani ya tangi, halafu nyingine kama nyuki, zinazunguka, zinarudi, polepole, mpaka unaanza kusikia vitu ambavyo havipo. Mjomba alisema waliotengeneza vile walikuwa wa kwanza kuiomba mashine iimbe, na watu waliwacheka, na leo hakuna wimbo duniani usio na mkono wao.

Nyanya alisikiliza mara moja, akakunja uso. "Hii ni muziki ya friji."

Sisi hatukuwa na friji. Alikuwa ameisikia ya duka la soda senta.

Mjomba akajenga kompyuta. Nasema akajenga kwa sababu kila alipokwenda Tororo alirudi na kipande: leo kioo, wiki nyingine kibodi isiyo na herufi fulani, kisha boksi lenyewe likija kwenye boda boda limefungwa kwa mpira wa baiskeli kama mbuzi wa sikukuu. Akaiweka chumbani kwake na kutangaza kwamba anatengeneza albamu nzima, ya kwanza huku kwetu isiyo na mpigaji hata mmoja. Alihitaji ukuta usiorudisha sauti, kwa hiyo magodoro yote ya nyumba yakahamia kwake kila asubuhi.

"Godoro yangu iko wapi?" nyanya aliuliza mara ya kwanza, amesimama mbele ya kitanda cha mbao tupu.

"Inasikiliza muziki, mama."

"Ikisikiliza mpaka jioni, wewe nalala kwa kinu."

Taabu ya mjomba ilikuwa kwamba ngoma zilizokuja na ile kompyuta hazikumridhisha. Alisema ni ngoma za watu wengine, zimevaa viatu. Kwa hiyo akafunga maikrofoni kwenye mpini wa jembe na kuanza kuokota sauti za pale pale: ufagio wa uani, kifuniko cha sufuria, kengele ya baiskeli, pampu ya kisima. Siku moja alikwenda Tororo kungoja treni ya mizigo akalowa mvua. Treni haikuja, akarudi na sauti ya mama mmoja akiita watu waje kwa chapati moto. Iko kwenye albamu. Ukisikiliza vizuri mvua nayo iko.

Jirani yetu alikuwa mzee wa tongoli. Tongoli ni kile kinubi cha Wapadhola, na yeye alikipiga kwenye kila harusi na kila matanga mpaka vidole vikawa na sugu kama kisigino. Alipenda kuja kusimama mlangoni kwa mjomba na kumchokoza.

"Kijana, hiyo ngoma yako nakula nini?"

"Umeme, mzee."

"Na umeme ikipotea?"

"Inalala."

"Yangu nakula pombe kidogo tu, na hailali." Anacheka mpaka anakohoa. "Ngoma bila ngozi! Mimi nimezeeka kuona nini?"

Mjomba hakukasirika. Aliandika maneno yale ukutani kwa chaki, na albamu ikapata jina: Ngoma Bila Ngozi.

Nilimpenda mjomba kwa sababu hakuniuliza maswali. Kila mtu mzima aliyefika pale aliniinamia na kusema, "Ulimi uliiacha Busia?" au, "Hii mtoto ni ya mbao?" Mwalimu wangu wa darasa la pili aliniita Bibi Kimya, na wanafunzi wakalipenda jina. Mjomba yeye aliniwekea vile vifaa vya masikioni, vikubwa, vikinifunika nusu ya uso, akaniacha nikae chini ya meza yake mchana kutwa. Alikuwa ananionyesha kidole: hii au ile? Na mimi naonyesha kidole: ile. Tulifanya kazi hivyo bila neno, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niiweke wapi hapa kwenye karatasi.

Siku ya mchi alinipa kazi ya kulinda kuku. Alikuwa ameificha maikrofoni nyuma ya kinu, chini ya ungo, kwa sababu nyanya alikwisha kataa kurekodiwa. Nyanya akatwanga bila kujua, vizuri, polepole, na mimi nimesimama na kijiti. Akainua mchi, akatia mkono kurudisha muhogo, na katika kimya kile kile jogoo akapanda ukingo wa turubai na kuwika. Sijui kilichonipata. Nilisikia sauti inatoka, na ilikuwa imeshafika barabarani nilipotambua ni yangu. "Nyamaza, we! Mjomba anarekodi!"

Nyanya akauachia mchi ukaanguka. Kwanza alinitazama mimi kama mtu aliyeona kiti kinatembea. Kisha akaufunua ungo.

"Unanirekodi natwanga? Na leso ya jikoni?"

"Leso haisikiki, mama."

"Toa! Kesho watu nasema mama ya fulani iko na mashine lakini bado natwanga!"

Mimi nilikuwa nimekimbilia chini ya meza. Mjomba aliponipigia sauti yangu masikioni nililia kwa aibu, nikamshika shati, nikamwambia aifute. Hakufuta. Aliitia kwenye wimbo pamoja na ule mchi, akatuahidi sote wawili kwamba wimbo ule hautatoka nje ya chumba chake. Halafu akatengeneza mwingine wa kusikika na watu: mchi akautoa, akaweka ngoma ya kompyuta mahali pake, sawa sawa, bila kimya, bila jogoo, bila mimi. Ulikuwa msafi kama sahani ya wageni.

Basi ikaja habari ya mama mdogo kuchumbiwa. Mchumba alikuwa kijana wa Kisamia kutoka Busia, na siku ikapangwa ya ukoo wake kuja kwetu. Hapo ndipo nyanya alipomkalisha mjomba kwenye kigoda. Kulikuwa na ndugu wa babu aliyekuwa na njia ya kumwingiza kiwanda cha saruji Tororo, na ndugu huyo hangengoja milele.

"Sikia," nyanya akasema. "Wakwe nakuja, na ni watu ya kwetu. Wewe utapiga hiyo kitu yako. Wakiinuka wakacheza, mashine inabaki, na wewe unabaki. Wasipoinuka, nauza hiyo mashine, na wewe nakwenda saruji. Mimi siwezi kulisha mtu anaokota sauti ya sufuria."

Mjomba akasema sawa, mama. Mimi nikiwa nyuma ya mlango nikahesabu nitakachobaki nacho: nyumba yenye magodoro mahali pake, na watu wazima wa kuniuliza ulimi uko wapi.

Wakwe walifika kabla ya saa sita, wamevaa, wakinukia mafuta ya kujipaka, wanawake na vitambaa vichwani vilivyosimama kama mabati mapya. Walikula kuku, walikula wali, walikula ule ugali wetu wa kahawia na kuusifu. Wazee wakakalishwa kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, mzee wa tongoli akiwa katikati yao kama mwenye nyumba. Kule kwetu tunajua muziki umefika kwa kutazama mirija. Mzee anaweza kutikisa kichwa kwa adabu, anaweza hata kupiga goti na kiganja, hiyo si kitu. Mzee akiachia mrija, umemfika.

Mjomba akawasha. Mimi nilikuwa chini ya meza, mahali pangu, nikiishika plagi kwa mikono miwili maana tundu la soketi lilikuwa limelegea. Wimbo wa kwanza ukapita. Wakwe wakatikisa vichwa. Wa pili ukapita. Shangazi mmoja wa bwana harusi, mama mnene wa kanga ya kijani, akapiga miayo na kuufunika mdomo kwa heshima. Ukaja ule msafi, na mjomba akauongeza sauti kwa sababu ndio aliokuwa ameutegemea. Kutoka chini ya meza niliona miguu mingi sana, na hakuna uliosogea. Mirija yote ilikuwa midomoni.

"Kijana," mzee wa tongoli akaita kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko uchokozi, "niende nilete tongoli?"

Nyanya alikuwa anaiangalia kompyuta kama mbuzi aliyeshapata mnunuzi. Magoti ya mjomba yalikuwa mbele ya uso wangu. Nikamvuta suruali. Akainama, jasho likidondoka kwenye mkono wangu.

"Weka ile ya mchi," nikasema.

"Mama ataniua. Na wewe umo ndani."

"Najua."

"Kila mtu atakusikia."

"Mjomba, weka. Utakwenda saruji."

 Kisha magoti yakanyooka, akabadilisha wimbo.

Jogoo akawika kwenye spika, kuku wetu wa kweli wakatawanyika uani, na sauti yangu ikawaambia wakwe wote wa Kisamia, na wazee, na padri waliyekuja naye, wanyamaze. Na wakanyamaza! Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda. Walidhani kuna mtoto mtovu wa adabu mahali, wakageuza vichwa kumtafuta, mimi nimefumba macho chini ya meza nikiifinya plagi. Katika ule ukimya ukaingia mchi. Du, du, du, kimya kidogo, du. Juu yake zikashuka zile sauti za nyuki na za maji alizojifunza kwenye kaseti ya mwalimu, ufagio ukipita katikati, na chini mchi hauna haraka.

Mtu akacheka. Halafu yule shangazi wa kanga ya kijani, akiwa bado amekaa, kimya kilipofika akatupa mkono wake mbele hewani na kurudisha muhogo ambao haukuwepo. Aliufanya bila kufikiri, kama unavyopiga mbu. Jirani yake akamwona, naye kimya kilipofika tena akarudisha. Kisha benchi zima. Nikafumbua macho, nikaona miguu inainuka.

"Ni nani huyu anatwanga hivi?" shangazi akapaza sauti, mabega yakishaanza uchezaji ule wa Kisamia. "Huyu ni mtu wa kwetu!"

Nyanya alikuwa amejifunika uso wote kwa leso. Leso ikashuka polepole.

"Ni mimi," akasema. "Kwani nani mwingine?"

Akaingia katikati. Nyanya yangu, aliyetaka ile sauti izikwe, akatwanga hewa mbele ya wakwe zake kwa mikono yote miwili, na wanawake wa pande mbili wakatwanga naye, na kila kimya kilipofika mikono yao yote ilikwenda mbele pamoja, safari moja, kama wanakula sahani moja. Mama mdogo alichelewa kila mara, wakamcheka. Mimi niliachia plagi kwa mshangao, muziki ukakatika, na watu wakanipigia kelele mpaka nikairudisha. Kelele ile sikuiogopa hata kidogo.

Mzee wa tongoli alikuwa amesimama. Mrija wake ulikuwa umelala kwenye ukingo wa chungu. Akamwendea mjomba, akaweka ule mkono wa sugu juu ya boksi la kompyuta, akalisikia linavyotetemeka.

"Kumbe iko na mtu ndani," akasema.

Mambo mengine unayajua, kwa sababu yalikufikia hata wewe. Vijana wa bwana harusi walirudi Busia na albamu nzima kwenye kadi za simu zao. Waendesha boda boda wa Nagongera wakaiweka kwenye vile viredio wanavyofunga mbele ya pikipiki, wakaipeleka Tororo, na vibanda vya kujazia nyimbo vya Tororo vikaipeleka kusikojulikana. Ndani ya muda mfupi vijana wenye kompyuta wakaanza kutengeneza yao, na wote wakaiga lile pengo. Hawakujua ni mkono wa nyanya. Wengine wanadhani mashine ya mjomba ilikuwa mbovu, wakaipenda hivyo hivyo. Wanaiita mchechemeo. Wanaweka mchechemeo kwenye nyimbo za kanisa, kwenye nyimbo za kampeni, kwenye matangazo ya sabuni. Hapa shuleni wasichana wanaucheza kwa kutupa mkono mbele, na mara nyingi nimetaka kuwauliza: mnajua mnarudisha nini?

Likizo iliyopita nilikwenda Nagongera peke yangu, kwa mara ya kwanza tangu mama anihamishie Busia. Nilipita kwanza kwa mjomba, Tororo. Hakwenda saruji. Ana studio yake juu ya duka, dirisha linatazama ule mwamba mkubwa wa Tororo, na kuta zake zina sponji nyeusi za kununua, si magodoro ya mtu. Vijana wanapanga foleni kwenye ngazi. Aliniambia anataka kuirekodi upya albamu, kwa vifaa vizuri, akaniomba niseme yale maneno. Nikasimama mbele ya maikrofoni inayong'aa. "Nyamaza, we," nikasema. "Mjomba anarekodi."

"Umesema kama unaniomba chumvi," mjomba akasema.

Nikajaribu tena, na tena. Hakukuwa na jogoo. Tukacheka, akazima, tukashuka kununua chapati.

Nyanya nilimkuta ameketi barazani anamenya karanga kwenye ungo, mdogo kuliko nilivyomwacha, bega moja limemkataa. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi. Mzee wa tongoli hayupo tena, na mlango wake una kufuli la mtu nisiyemjua. Uani hapakuwa na turubai. Kinu kilikuwa kimelala ubavu kando ya jiko, kimepasuka, na kuku jike alikuwa ameatamia ndani yake, akanitazama kama mimi ndiye mgeni, na ni kweli. Siku hizi kuna mashine ya kusaga senta; unapeleka gunia, unarudi na unga kabla chai haijapoa. Niliamka pale asubuhi mbili nikisikiliza, na hakuna nyumba hata moja iliyotwanga. Sikulaumu mtu. Nimeliona bega la nyanya.

Mchana huo wa kwanza nilikaa karibu naye na kumsaidia kumenya. Hatukuzungumza sana, yeye hajawahi kunidai maneno tangu siku ile ya wakwe. Boda boda ikaja kutoka upande wa Sop Sop, kiredio wazi kabisa, wimbo mpya wa kijana nisiyemjua. Jogoo akawika, mimi nikafoka, mchechemeo ukaanza. Du, du, du, kimya kidogo. Mkono wa nyanya ukatoka kwenye karanga, ukaenda mbele hewani, ukarudisha. Nadhani hakujua. Nilitazama chini nikauona wangu nao uko njiani, una ganda la karanga kati ya vidole.

Pikipiki ikapita na vumbi lake. Nyanya akaisikiliza mpaka ikafika senta.

"Hii vijana," akasema. "Wao natwanga mwaka mzima, na hakuna hata unga ya uji."

Nikaingia ndani kutazama kama unga wa mashine umebaki.